Maharage matamu yenye moshi bila oveni: utamu utie mwisho

Mleta mada anasema hana oveni na anataka yale maharage madogo meupe ya kuoka, yenye mchuzi mzito, matamu, yananukia moshi. Kila akiyapika juu ya jiko yanatoka magumu huku chini ya sufuria kumeganda tabaka jeusi. Mchangiaji mmoja kamwambia bila oveni asahau. Hapo mimi napinga. Haya maharage nayapika juu ya jiko miaka yote, na oveni ninayo. Hata mengi ya yale ya kopo yanayoitwa ya kuoka hayajawahi kuona oveni: yanachemshwa kidogo, yanatiwa kwenye kopo pamoja na mchuzi, kopo linafungwa, kisha yanaivia humo humo kwa joto la mvuke.

Mkuu, kwa hatua ulizoeleza, kila kitu umekitia kwa mpigo mmoja: maharage yaliyolowekwa, nyanya, sukari, molasi (ile sharubati nzito nyeusi inayobaki miwa ikitengenezwa sukari), siki, ukafunika ukaacha vichemke. Matatizo yako yote mawili, ugumu na kuungua, yanatoka hapo.

Tuanze na ugumu. Kinachoshikilia punje ya harage ni pektini, ile ile inayogandisha jamu. Maji ya moto yanaivunja taratibu na punje inalainika. Kalsiamu inaikaza. Asidi inaichelewesha isivunjike. Sukari nyingi nayo inazuia punje isilainike upesi. Molasi ina vyote vitatu, halafu wewe ukaongeza nyanya na siki juu yake. Hapo utachemsha hadi uchoke, punje zitabaki na kiini kigumu.

Wapishi wa kale wa New England kule Marekani waliitumia tabia hiyo kwa faida yao. Wapuritani, Wakristo wenye msimamo mkali waliohamia huko kutoka Uingereza, hawakutaka kupika siku ya Sabato, kwa hiyo chungu cha maharage kilipikwa Jumamosi na kuachwa kwenye tanuru lenye joto la pole kwa saa nyingi. Molasi, iliyokuwa tele Boston kwa sababu ya utengenezaji wa pombe ya ramu, ndiyo iliyozuia maharage yasigeuke uji kwa muda wote ule. Sisi wa juu ya jiko hatuna usiku kucha, kwa hiyo tunapanga upya: maharage yalainike kwanza, yalainike kabisa, ndipo yakutane na utamu.

Nikitumia nusu kilo ya maharage makavu, nayaloweka kwenye maji yenye chumvi. Najua wengi mmefundishwa kwamba chumvi inafanya maharage yawe magumu. Ni kinyume chake: sodiamu ya chumvi inachukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu na magnesiamu kwenye ganda, na ganda linalainika bila kupasuka ovyo. Kijiko kikubwa kimoja kwa lita moja ya maji kinatosha, usiku mzima. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, tia maji mapya. Kama maji yako ni yale mazito yanayoacha utando mweupe ndani ya birika, ongeza bikaboneti ya soda (baking soda), robo ya kijiko cha chai tu. Ukizidisha, maharage yanavurugika na yanakuja na ladha ya sabuni.

Aina ni ile nyeupe ndogo. Ukiikosa, yale yenye madoadoa yanafaa pia, ila mchuzi utakuwa na rangi nzito zaidi. Yale mekundu makubwa mimi siyapendi kwenye pishi hili, ganda lake ni nene. Ukiamua kuyatumia, zingatia sana hatua ya kuchemsha, kwa sababu maharage mabichi yana sumu iitwayo fitohemaglutinini na mekundu ndiyo yanayoongoza. Inaharibika kwa maji yanayotokota kwelikweli. Moto wa chini peke yake hauimalizi, ndiyo maana kuna watu wanaumwa tumbo vibaya baada ya kupika maharage kwenye vile vyungu vya umeme vya moto mdogo bila kuyachemsha kwanza. Kwa hiyo bila kujali aina: mtokoto mkali dakika kumi kamili, kisha ndipo ushushe moto.

Baada ya hapo ni subira. Moto mdogo, kitunguu kizima kimoja kilichomenywa, jani la bay (bay leaf) kama lipo, kifuniko kikae upande. Saa moja, wakati mwingine moja na nusu. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu yanaweza kuchukua zaidi, na mengine hayalainiki kamwe hata ufanyeje. Usipime kwa punje moja. Chota tano sita kutoka pande tofauti za sufuria, ponda kila moja kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Ikiwepo hata moja inayokataa, endelea. Hapa ndipo watu wanaharakisha, wanasema "yatamalizikia kwenye mchuzi". Hayamalizikii. Yalivyo unapotia molasi ndivyo yatakavyobaki.

Maji yaliyopikia usimwage! Ndani yake kuna wanga uliotoka kwenye maharage, na huo ndio utakaofanya mchuzi uwe mzito bila unga wowote. Chuja, weka pembeni.

Sasa kazi ya oveni tunaifanyia kwenye kikaango. Oveni inatoa joto pande zote, inakausha juu, pembeni panapata rangi ya kahawia, na ladha ile ya "kuokwa" inatoka kwenye kahawia hiyo. Juu ya jiko hutaipata kwa kuchemsha, kwa hiyo itafute kabla mchuzi haujaingia maji. Mimi naanza na gramu 200 hivi za bekoni iliyokaushwa kwa moshi, nimeikata vipande vidogo, moto wa wastani hadi mafuta yote yatoke na vipande vianze kukakamaa. Mafuta yakiwa hayo hayo natia vitunguu maji viwili vilivyokatwa na chumvi kidogo. Usivitoe vikiwa vya dhahabu kama unavyofanya kwa mchuzi wa kawaida. Viache viende mbele, vishike kahawia iliyokolea, vikianza kushika chini nyunyizia maji kijiko kimoja, kwangua, endelea. Robo saa na zaidi. Kisha vijiko vikubwa vitatu vya nyanya nzito ya kopo, ikaangwe hadi iache wekundu mkali na iwe rangi ya tofali, na mafuta yajitenge pembeni. Nyanya isiyokaangwa ndiyo inayofanya pishi hili lionje kama rosti iliyotiwa sukari, jambo ambalo mleta mada amelilalamikia.

Epua. Ukishaepua, ndipo utie vijiko viwili vidogo vya paprika ya moshi, yaani unga wa pilipili nyekundu zilizokaushwa kwa moshi, uikoroge kwenye yale mafuta ya moto. Ikikaa juu ya moto inaungua kwa sekunde chache na inakuwa chungu.

Nikae kidogo kwenye moshi, maana maswali mengi humu yamekuwa juu yake.

Harufu ya moshi inatoka kwenye lignini, ile inayoupa mti ugumu wake, ikiungua inaachia vitu kama gwayakoli na siringoli, na hivyo vinashika sana kwenye mafuta. Ndiyo maana moshi unapitishiwa kwenye nyama yenye mafuta au kwenye mafuta ya kukaangia. Chanzo kimoja cha moshi kinatoa harufu bapa, ya upande mmoja. Viwili au vitatu, kila kimoja kidogo, ndiyo vinafanya mtu aulize kama umepikia kuni. Bekoni ni cha kwanza. Paprika ya moshi ni cha pili. Ile ya La Vera huko Hispania inakaushwa juu ya moshi wa mwaloni, na ukinusa kopo lake utaelewa. Cha tatu chagua mwenyewe. Pilipili za chipotle, yaani pilipili za Meksiko ziitwazo halapenyo zilizokaushwa kwa moshi, moja tu inatosha na inaleta ukali. Karafuu mbili nazo usizidharau: yujenoli, kitu kinachozipa harufu yake, ni ndugu wa karibu wa vile vitu vya kwenye moshi, kwa hiyo inausukuma moshi mbele bila mtu kutambua kuna karafuu.

Wasiokula nguruwe watumie nyama ya ng'ombe au ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, na waongeze mafuta ya kukaangia maana nyama hizo ni kavu. Wasiokula nyama kabisa, chai ya Lapsang Souchong, ile ya Kichina inayokaushwa kwa moshi wa msonobari, chemsha kikombe kimoja kizito na ukitie mahali pa sehemu ya maji ya maharage. Nimewapikia hivyo watu wakaniuliza nyama iko wapi.

Moshi wa chupa je? Mchangiaji mmoja kauita kemikali. Kiasili ni moshi wa kuni halisi uliopozwa ukanaswa kwenye maji, ingawa soma kibandiko kwa sababu baadhi huongezewa rangi na vikolezo. Kosa ni kuumimina. Robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo ya maharage, mwishoni, uonje, basi. Ukizidi hauna dawa.

Na kuna njia ya Wahindi wanayoiita dhungar, ambayo mimi naipenda kuliko zote kama jiko linaruhusu. Pishi likishaiva, unaweka kibakuli kidogo cha chuma katikati ya maharage, unatia kaa moja la mkaa wa kuni lililoiva jekundu, unadondoshea samli nusu kijiko, linafuka, unafunika haraka dakika tatu hadi tano. Tumia mkaa wa miti, usitumie yale matofali ya mkaa yenye dawa ya kuwashia, fungua madirisha, na kaa likitoka lizime nje. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Turudi kwenye sufuria. Chagua nzito na pana. Rudisha maharage kwenye ile kitunguu na nyanya, mimina maji yake ya kupikia hadi yafunike tu, kisha: molasi vijiko vikubwa vinne, sukari ya kahawia vitatu, haradali kijiko kikubwa kimoja, zile karafuu, pilipili manga. Molasi ikiwa ile nyeusi kabisa ya mwisho, iliyo chungu, tia nusu ya kiasi hicho na ujazie kwa sukari. Usipoipata kabisa, sukari guru inakaribia zaidi kuliko sukari nyeupe. Asali sishauri, inatawala.

Kuhusu kuungua. Maji mepesi yakipata moto yanazunguka yenyewe, ya chini yanapanda, ya juu yanashuka. Mchuzi wenye wanga na sukari hauzunguki, joto linakwama chini na sukari iliyopo hapo inaungua huku juu pametulia kabisa. Kwa hiyo moto uwe mdogo kuliko unavyodhani, mapovu machache ya uvivu tu, na kama jiko lako halishuki hapo weka bamba la chuma kati ya moto na sufuria. Sufuria iwe wazi. Tumia mwiko wa ncha bapa, ukwangue chini kila baada ya dakika chache, na kadiri mchuzi unavyozidi kuwa mzito ndivyo usivyotakiwa kuondoka jikoni. Ukisikia mwiko unakwaruza kitu kinachonata, acha mara moja, usikichokonoe. Hamishia maharage kwenye sufuria nyingine, kile kilichoshika kibaki kule. Harufu ya kuungua si moshi, na hakuna kiungo kinachoificha.

Dakika arobaini hadi saa moja hivi. Ukiona maharage yameiva vizuri lakini mchuzi bado mwepesi, ponda upawa mmoja wa maharage kwenye ukingo wa sufuria uchanganye. Epua mchuzi ukiwa bado mlegevu kidogo, kwa sababu unakaza ukipoa.

Siki vijiko viwili vikubwa inaingia dakika tano za mwisho, na chumvi ya mwisho pia hapo, maana bekoni inatofautiana sana kwa chumvi. Onja kabla na baada ya siki. Kama bado unahisi utamu umekufunga koo, ongeza siki kidogo kidogo, usiongeze chumvi.

Aliyeuliza kama anaweza kuanza na maharage ya kopo yasiyo na mchuzi: ndiyo, makopo manne hadi matano ya gramu 400, ruka hatua zote za kuchemsha, anza kwenye kukaanga, ila yasuuze na tumia maji au supu mahali pa maji ya maharage. Nusu saa inatosha. Mchuzi hautakuwa na uzito ule ule, hapo ndipo kuponda kunasaidia.

Kesho yake yanakuwa matamu zaidi kuliko leo. Friji siku tatu nne, na yanagandishika vizuri. Kwenye kupasha ongeza maji nusu kikombe kabla ya kuwasha moto, sio baada, kwa sababu mchuzi uliolala ni mzito na unashika chini upesi kuliko siku ya kwanza.