Kinyago cha Tano Ndicho Kilichofanana

Wiki iliyopita nilibandua kutoka kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia, kinyago changu cha tano cha Michael Myers, yule muuaji wa filamu ya Halloween ya mwaka 1978, na kwa mara ya kwanza uso uliotokea mikononi mwangu ulikuwa ndio wenyewe. Siku mbili baadaye nikapokea ujumbe wa msomaji aliyeniuliza anunue silikoni ipi ili amalize kinyago chake mwishoni mwa juma. Sikumjibu papo hapo, kwa sababu swali lake lilinirudisha kwenye meza ileile niliyoketi miaka mitatu iliyopita nikiwa na haraka ileile, na kwa sababu jibu la kweli ni refu kuliko jina la bidhaa.

Wapenzi wa filamu za kutisha wanaijua asili ya kinyago hiki. Bajeti ya filamu ilikuwa ndogo, hivyo kikanunuliwa kinyago cha mpira cha Kapteni Kirk, mhusika wa Star Trek, kilichotokana na uso wa mwigizaji William Shatner. Tommy Lee Wallace, msanifu wa mandhari wa filamu hiyo, akapanua matundu ya macho, akaondoa nyusi na sharafa, akakipaka rangi nyeupe na kuzivuruga nywele. Naikumbusha habari hii kwa kuwa ndani yake limo jambo lililonigharimu vinyago vinne kulielewa: chini ya weupe ule kuna uso wa mtu halisi, na uso wa mtu halisi haulingani kulia na kushoto.

Kinyago changu cha kwanza nilikifinyanga kwa kumbukumbu. Nilidhani kwamba, kwa kuwa nilikuwa nimeitazama filamu ile mara nyingi mno, sura yake ilikuwa imekaa kichwani mwangu. Nikapima mashavu kwa bikari hadi yakalingana, nikanyoosha mdomo, nikalainisha paji la uso mpaka likang'aa, kisha nikakipeleka kwa fahari kwenye mkutano wa wakusanyaji wa vinyago. Mmoja wao, mtu anayeheshimika sana miongoni mwao, alikigeuza mara mbili mikononi, akasema, "Kazi ni safi, lakini huyu si yeye," akakilaza kifudifudi mezani na kuendelea na mazungumzo yake. Sentensi ile ingali inaniuma, na kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimefinyanga wazo langu kuhusu uso, nikauacha uso wenyewe.

Basi ushauri wangu wa kwanza, ambao nauona kuwa mzito kuliko mwingine wote, ni kwamba usiguse udongo kabla hujakusanya picha. Tafuta picha ya mbele, ya ubavuni na ya robo tatu, uzichapishe kwa ukubwa wa kichwa halisi na kuzibandika ukutani kwa urefu wa macho yako. Epuka picha zilizopigwa kwa karibu, kwa kuwa lenzi iliyo karibu huikuza pua na kuyasukuma masikio nyuma, nawe utajikuta unanakili kosa la kamera. Kila baada ya nusu saa kitazame kinyago chako kwenye kioo. Jicho lililokwisha kuzoea upande mmoja huamshwa na kioo, na taya iliyopinda ambayo hukuiona kwa siku tatu utaiona mara moja.

Kinyago cha pili kilikufa kwa namna ambayo sitaisahau. Nilikuwa nimefinyanga kwa wiki tano kwa udongo wa mafuta, nikagonga vinyweleo kimoja kimoja kwa sifongo kikavu, na kila mkunjo wa shingo nilikuwa nikiujua kwa kidole. Muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba silikoni yake inafaa kwa udongo wowote, nami nikamwamini, nikaipaka juu ya udongo ili iwe kalibu. Asubuhi nilipofungua, upande wa nje wa silikoni ulikuwa umeganda vizuri, lakini ule uliogusana na udongo ulikuwa kama asali, ukivutika nyuzinyuzi kati ya vidole vyangu, na vinyweleo vyote vilikuwa vimemezwa. Udongo ule ulikuwa na salfa, na salfa huizuia silikoni inayogandishwa kwa platinamu isigande. Hata glovu za mpira huweza kuiharibu vivyo hivyo. Wiki tano zilikwenda kwa sababu sikufanya jaribio dogo kwenye kidonge cha udongo. Fanya jaribio kila mara, hata pale ambapo muuzaji amekuapia.

Baada ya hapo nikaachana na silikoni na kurudi kwenye njia ya zamani ya vinyago vya mpira, yaani kalibu ya plasta na utomvu wa mpira. Plasta hunyonya maji ya utomvu, na ngozi ya mpira hujijenga yenyewe kwenye kuta za kalibu. Kalibu huwa na vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, na mstari unaovitenganisha lazima upite pale kichwa kinapofikia upana wake mkubwa. Mimi katika kinyago cha tatu niliupitisha mbele mno, kipande kikang'ang'ania, nikapoteza subira na kushika nyundo. Kalibu ikapasuka kutoka paji la uso hadi kidevuni. Cha nne kilifaa kujifunzia kupaka rangi, hakuna zaidi ya hapo.

Cha tano nilikifanya bila kukimbizana na siku. Nilifinyanga uso mkubwa kidogo kuliko nilioutaka, kwa sababu mpira hunywea unapokauka. Nikajenga ukuta wa udongo kwenye mstari, nikachimba ndani yake vishimo vya kufungia ili vipande viwili vipate kukaliana, kisha nikapaka tabaka la kwanza la plasta nyepesi kwa brashi laini, nikipuliza kila pembe ya pua na masikio ili mapovu yasibaki. Tabaka zilizofuata niliziimarisha kwa vipande vya gunia. Kabla ya kumwaga kipande cha pili nilipaka vaselini kwenye ukingo wa cha kwanza. Ukisahau hatua hiyo, vitakuwa kitu kimoja. Plasta hupata joto kali inapoganda, kwa hiyo usithubutu kuzamisha mkono au sehemu yoyote ya mwili ndani yake, kwani watu wameungua vibaya kwa njia hiyo. Vumbi lake livalie kinga ya pua, na mabaki yake usiyamwage kwenye sinki.

Kisha kuna kungoja, na hapa ndipo wengi mnaponiandikia mkilalamika kwamba mpira wenu umetoka mwembamba kama karatasi. Kalibu yenye maji hainyonyi. Igusishe shavuni: ikiwa baridi, bado. Yangu niliingoja siku tisa. Nikaifunga vipande viwili kwa mikanda, nikaigeuza shingo juu, nikamimina utomvu polepole hadi ukingoni huku madirisha yote yakiwa wazi kwa sababu ya amonia, kemikali yenye harufu kali iliyomo ndani ya utomvu, nikauacha dakika arobaini, kisha nikaumwaga uliobaki na kuilaza kalibu ili usituame puani. Siku ya pili nilipaka poda ndani kabla ya kubandua, maana mpira mbichi ukijigusa hushikana na hauachiani tena. Uso ulitoka taratibu, ukianzia shingoni, na nilipoona shavu la kushoto limelegea kidogo kuliko la kulia, kama ilivyo kwenye picha zangu ukutani, nilikaa chini.

Rangi yake nimeichanganya na utomvu wenyewe ili ijikunje pamoja na ngozi, na weupe nimeutia kijivu kidogo sana. Macho nilikata mwisho, kwa wembe mpya, nikianza na tundu dogo na kulipanua upana wa uzi kwa uzi.

Kwa msomaji aliyeniandikia: iweke kando fedha ya silikoni kwa sasa. Nunua udongo, chapisha picha tatu, na ukishafinyanga mwezi mzima nitumie picha ya uso huo kutoka mbele na nyingine ya uso huohuo kwenye kioo. Nitakuambia kwa moyo wangu wote kama ni yeye au si yeye, na sitakilaza kifudifudi.