Kopo limekwenda wapi? Majibu kwa wanaoficha na kutafuta jiokashi Dodoma

Mvua zimeisha, nyasi zimeanza kukauka, na barua zenu karibu zote zina kilio kimoja: kopo halipo. Kwa anayetusoma leo kwa mara ya kwanza, jiokashi ni kopo au kiboksi chenye daftari dogo, kilichofichwa mahali ambapo mtu yeyote anaruhusiwa kufika. Mfichaji hutangaza koodineti, yaani namba zinazoonyesha mahali hapo kwenye ramani. Mtafutaji hufuata kwa GPS au simu, akilipata huandika jina lake na tarehe, kisha hulirudisha palepale. Nimefanya hivyo kwenye miamba na mibuyu ya mkoa huu kwa miaka kadhaa, na kila kopo nililolipoteza limenifundisha ni nani mwingine anayepatumia mahali nilipodhani hapana mtu.

Shikamoo mzee. Nilificha chupa ya plastiki kwenye tundu la mbuyu, nje kidogo ya Chamwino. Baada ya wiki mbili nimekuta majivu na kifuniko kilichoyeyuka. Mbuyu haukuguswa wala nyasi za pembeni hazikuungua. Nani anachoma chupa? – Kijana, Chamwino

Marahaba, mwanangu. Moto wa porini ungeanza na nyasi. Huo uliwashwa kwa mkono, na aliyeuwasha aliogopa.

Hebu simama mahali pake. Mama ametoka kuokota kuni. Kwenye tundu la mbuyu anaona chupa imefungwa vizuri na kufunikwa kwa jiwe. Anaifungua, anakuta karatasi iliyoviringishwa, imeandikwa majina ya watu asiowajua, kila jina na tarehe yake. Chini kuna shanga mbili, kitufe na sarafu. Wewe unajua kwamba hizo ni zawadi ndogo za kubadilishana kati ya wachezaji. Yeye amekua akisikia kwamba majina ya watu yakifungwa pamoja na kufichwa mtini, kuna mtu anawatakia mabaya. Kwa ufahamu wake amewaokoa wote walioandikwa humo. Mimi siwezi kumlaumu, na nakuomba nawe usimlaumu.

Kwa hiyo badilisha chombo. Tumia kinachoonyesha vilivyomo, ili mtu asilazimike kufungua ndipo ajue. Nje bandika maandishi makubwa ya Kiswahili, kwa mfano: "Huu ni mchezo wa kutafuta kwa ramani. Hauna madhara kwa mtu. Tafadhali rudisha ulipokuta," pamoja na namba yako ya simu. Shanga na vitufe viache nyumbani, weka penseli au stika. Kisha, kabla hujaficha tena, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mfungulie chupa mbele yake, na ikiwezekana jina la kwanza kwenye daftari liwe lake. Mchezo wetu unapenda siri, najua. Lakini siri ya mahali si lazima iwe siri ya jambo lenyewe.

Muulize pia kuhusu huo mbuyu. Ipo mibuyu ambayo wazee huitumia kwa matambiko ya mvua. Kwenye hiyo hatuweki kitu, hata kwa ruhusa ya kijana wa pale kijijini.

Je, naweza kuficha karibu na Mji wa Serikali, Mtumba? Watu wengi wanapita. – Mtumishi, Ihumwa

Hapana. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby huko Uingereza, mtu alionekana akiinama na kuweka kiboksi cha plastiki barabarani, aliyemwona akapiga simu polisi, na wataalamu wa mabomu wakakilipua. Kilikuwa jiokashi. Boksi lisilo na mwenyewe karibu na ofisi za serikali, kituo cha treni au Bunge litaamsha watu wenye kazi nzito kuliko mchezo wetu.

Mzee, mimi kopo sijaliona na jabali lenyewe silioni. GPS inasema nimesimama juu yake. – Msomaji, Ntyuka

GPS yako haijakosea. Jabali limekuwa kokoto.

Wapasuaji huwasha kuni au matairi juu ya mwamba. Mwamba ukipata moto hutanuka, tabaka la juu linaachana na la chini, wengine humwagia maji ili upasuke haraka, kisha nyundo inamalizia. Tazama chini utaona masizi na vipande vyembamba kama maganda. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, kila msingi unaochimbwa unahitaji kokoto, na jabali lililo karibu na njia ya gari ndilo linaloanza kuliwa. Ukiwa unachagua ufa wa kuficha, angalia kwanza kama kuna mafungu ya kokoto jirani. Yakiwapo, hilo jabali lina miezi, halina miaka.

Lakini usiondoke bila kuuliza. Mimi niliwahi kurudishiwa boksi na mama mmoja anayepasua kokoto. Alikuwa ameliona kabla ya kuwasha moto, akalipeleka nyumbani, akawa anawekea chumvi. Daftari alikuwa amelifunga kwenye mfuko, kwa sababu, kama alivyoniambia, "maandishi ya watu hayatupwi." Nilimwachia boksi, nikachukua daftari.

Boksi langu nimelikuta mita 40 kutoka mahali pake, pembe zimetafunwa. Mume wangu anasema fisi, mimi nasema nungunungu. Tuamulie. – Mama, Hombolo

Tazameni alama za meno. Nungunungu ni mnyama wa jamii ya panya, meno yake ya mbele huacha mifereji miwili miwili iliyonyooka, kama imepitishwa patasi. Ndiye yuleyule anayekusanya mifupa na kuitafuna. Fisi hachongi, anabana. Mtakuta matundu ya mviringo na plastiki iliyovunjika. Kwa maelezo ya pembe zilizotafunwa, naegemea upande wako, mama.

Nyani angefungua kifuniko kwa mkono na kutawanya kila kitu. Panya buku, ndugu wa wale wanaofunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, hana haja na boksi zima. Huyo huchukua vitu vidogo kimoja kimoja na kuvipeleka shimoni. Na mbuzi? Mbuzi akikuta kifuniko kimeachia, atakula daftari na kuacha jalada.

Swali la maana zaidi ni kilichowaita. Mara nyingi ni harufu. Kopo lililokuwa na siagi ya karanga au mafuta ya kupikia linabaki na harufu hata baada ya kuoshwa mara tano, na pua ya mnyama ni kali kuliko yetu. Nunua chombo ambacho hakijawahi kuwekewa chakula. Pipi na biskuti msiweke kamwe. Kanuni za mchezo zinakataza chakula, na sababu ni hiyohiyo.

Nilitumia boksi la chuma, lile zito la kijeshi, ili lisiharibike. Halikumaliza mwezi. – Fundi, Kizota

Chuma chakavu kinanunuliwa kwa kilo. Uliweka pesa porini, mtu akaiokota.

Nimetafuta saa tatu nzima. Koodineti zinasema kusini 6° 10.500, nami niliandika kwenye simu 6.10500. Nahisi limeibwa. – Mwanafunzi, UDOM

Halijaibwa, hukufika. Ile 10.500 ni dakika, na digrii moja ina dakika 60. Gawa 10.5 kwa 60 upate 0.175. Ulipaswa kuandika 6.175. Tofauti ya 0.07 ya digrii ni karibu kilomita 8, kwa hiyo saa tatu zote ulikuwa unapekua vichaka vya watu wengine kabisa. Wakati huohuo hakikisha umeweka alama ya kusini. Ukiisahau, simu itakuelekeza kusini mwa Ethiopia.

Hata ukiandika sawasawa, simu nzuri chini ya anga wazi inakukaribisha kwa mita 5 hivi, na katikati ya miamba mirefu mawimbi hugonga mawe kabla ya kukufikia, kosa likaongezeka. Ukifika karibu weka simu mfukoni, tumia macho.

Nafundisha shule ya jirani na michoro ya Kolo. Nilitaka wanafunzi waipende michoro kupitia mchezo huu, nikaficha kopo chini ya mwamba usio na michoro. Mara mbili nimerudi na kukuta shimo limechimbwa. Ni wanyama? – Mwalimu, Kondoa

Mwalimu, barua yako imenikosesha usingizi, na nitaijibu kwa urefu.

Hao ni watu. Simulizi ya mali ya Mjerumani unaijua: kwamba Wajerumani waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza walifukia dhahabu na rupia, wakaacha alama kwenye mawe ili warudi. Kondoa ina mamia ya alama nyekundu na nyeupe kwenye miamba, zilizochorwa zamani sana kabla Mjerumani yeyote hajakanyaga huku. Mtafuta mali anapoziona, anasoma ramani. Pale Mungomi wa Kolo penyewe, kwenye mojawapo ya miamba yenye michoro, wamechimba. Udongo wa chini ya mwamba, ambao wanaakiolojia huusoma tabaka kwa tabaka kama kurasa, ukishageuzwa kwa jembe hausomeki tena. Hakuna fundi wa kuurudisha.

Sasa fikiria tunavyoonekana sisi. Mtu mgeni, kifaa mkononi, anahesabu hatua, anainama chini ya mwamba, anachomoa kiboksi, anaandika, anatabasamu, anaondoka. Kwa anayeamini simulizi ile, huo ni ushahidi. Kopo lako halikuchimbuliwa kwa sababu ya thamani yake. Lilichimbuliwa kwa sababu palipo na kidogo anadhani chini yake kuna kikubwa. Kanuni ya mchezo inakataza kuchimba shimo la kufichia bila ruhusa ya mwenye ardhi, na wengi hudhani hiyo yatosha kulinda ardhi. Huku kwetu mwingine atachimba kwa niaba yako.

Kwa hiyo naomba uondoe kila kitu hapo, wiki hii. Michoro hiyo ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, maeneo kama hayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na wenyeji bado wanafanya matambiko Mungomi. Kila moja ya sababu hizo tatu inatosha peke yake.

Nia yako isife lakini. Ipo jiokashi isiyo na kopo: unampeleka mtafutaji mahali kwa koodineti, na badala ya kusaini anajibu swali ambalo jibu lake linaonekana pale tu. Zungumza kwanza na ofisi inayosimamia michoro hiyo, wanafunzi waende na mwongozaji, kila mmoja aandike daftarini mwake ameona wanyama gani kwenye michoro. Hakuna cha kuibwa, hakuna cha kuchimbwa.

Nilificha kwenye kichaka mwaka juzi. Sasa kuna ukuta na geti. – Msomaji, Nala

Kiwanja kimepata mwenyewe, au alikuwepo siku zote na hukuuliza. Bisha hodi, jieleze, omba kopo lako. Katika mji huu, ukiona bikoni ya mpima ardhi karibu na kichaka, tafuta kichaka kingine.

Ipi inaharibu zaidi, mvua au mchwa? – Mkulima wa zabibu, Mpunguzi

Mvua inachukua kopo, mchwa wanachukua daftari. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na zinakuja kwa vishindo. Korongo lililokauka miezi saba linajaa kwa nusu saa. Kuna waliowahi kuficha kwenye kuta za makorongo ya Kondoa, wakirudi ukuta umerudi nyuma hatua kadhaa, kopo limekwenda nao. Mmomonyoko wa kule ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi.

Mchwa hawana haraka. Wanajenga udongo kuzunguka boksi, wanasubiri kifuniko kipate ufa, na jua letu ndilo linalowapa ufa huo, maana plastiki ya bei rahisi inakauka na kumeguka kama kaki. Weka juu ya jiwe, kivulini, na kagua kila baada ya miezi mitatu.

Lile kopo la kwanza kabisa duniani bado lipo? – Mtoto wa darasa la sita, Area C

Hujambo, mjukuu wangu. Mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yaliyotumiwa na raia, na ghafla vifaa vikaonyesha mahali kwa usahihi. Tarehe 3 Mei bwana Dave Ulmer akaweka ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, ijaribiwe kama watu wataipata. Ndani aliweka vitu kadhaa, mojawapo manati, na kopo la maharage.

Ndoo ile haipo. Iliharibiwa na mashine ya kukata nyasi, karibu kila kitu kikaenda nayo. Huku kwetu kazi hiyo inafanywa na wafyekaji wa pembezoni mwa barabara, kwa fyekeo na baadaye kiberiti, basi ukianza kuficha vyako kaa mbali na ukingo wa barabara. Kilichookolewa Oregon ni lile kopo la maharage peke yake. Wachezaji wakalipatia namba yake ya kulifuatilia, na wanaolikuta huandika kwamba wameliona.