Supu nyepesi: anzia kwenye mifupa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini supu yako ya nyama hutoka nyepesi kama maji, na ufanyeje ishibishe wakati huu wa baridi. Mimi naona shida iko kwenye nyama. Steki haiipi supu uzito. Tafuta mifupa yenye viungio, miguu au mkia wa ng'ombe: gegedu zake zikichemka polepole hugeuka jelatini, na hiyo ndiyo hufanya mchuzi uwe mzito hadi unate midomoni.

Kaanga nyama kwanza mpaka iwe ya kahawia, tia vitunguu, kisha maji ya kuifunika tu. Punguza moto hadi viputo vichache tu viibuke juu, uiache saa 3. Usiharakishe hapo, nakusihi. Ikitokota kwa nguvu mafuta huchanganyika na maji na supu huchafuka. Dengu weka dakika 40 za mwisho, viazi na karoti dakika 20. Chumvi koleza mwishoni, maana maji hupungua. Ndimu kamulia ukishaepua.

Itakayobaki ipoze upesi, iingie friji ndani ya saa 2. Kesho yake mafuta yatakuwa yameganda juu, utayatoa kwa kijiko.