Masika ya Arusha: Anza na Viatu, Gauni Litafuata

Sikukuu hazichagui hali ya hewa. Pasaka, Karume ya tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26, Mei Mosi, zote zinaangukia masika, na harusi zilizokuwa zikingoja Kwaresma iishe zinafululiza humohumo. Ndiyo maana kila mwaka mawifi na marafiki zangu wa Dar wananipigia simu na swali lilelile: shoga, nivae nini Arusha nipendeze na mvua hii? Mimi naishi Moshi, Arusha naenda kikazi mara kwa mara, na jibu langu huwaudhi. Usiniambie umebeba gauni gani. Niambie umebeba viatu gani.

Wengi tunapanga pamba zetu kuanzia juu: kilemba, hereni, gauni, mkoba, halafu viatu vinatafutwa vya kufanana na mkoba. Masika panga kinyume chake. Pale mjini kati, kuanzia Mnara wa Saa kwenda kituo cha mikutano cha AICC, lami ipo na karibu kiatu chochote kinapita. Lakini mgeni hakai mjini kati siku nzima. Utapelekwa Moshono kumwona shangazi, utapelekwa Kwa Mrombo kula nyama choma, na ukiiacha tu barabara kubwa unakanyaga udongo wa volkano uliotoka Mlima Meru: kiangazi ni vumbi, masika ni tope linalonata na kuteleza kwa wakati mmoja. Kiatu cha mchuchumio kinazama kisigino kizima, kisha mguu unatoka wenyewe na kiatu kinabaki.

Ninachopendekeza ni buti fupi ya ngozi inayopita kifundo cha mguu kidogo, soli ya mpira yenye meno, kisigino kipana. Kisigino kipana kinakupa urefu wa kupendeza na papo hapo kinakuinua juu ya dimbwi. Chukua kahawia iliyokolea au rangi ya damu ya mzee. Usiku wa kuamkia safari paka dawa ya kopo, ile yenye nta, na usiishie kung'arisha pua ya kiatu: ikandamize kwenye mshono unaounganisha ngozi na soli, kwa sababu maji huingilia hapo. Ngozi ya manyoya, yaani suede, iache nyumbani. Raba za kitambaa pia, hasa nyeupe.

Na gambuti? Najua huko mitandaoni watu wanazipiga picha wakiwa wamependeza. Huku kwetu gambuti ni ya zizini na mtaroni. Ukiingia nayo mgahawani utaulizwa lita ya maziwa unauzaje.

Kwenye harusi fanya kama wanavyofanya akina mama wa Arusha. Nenda na buti, mchuchumio uwe ndani ya mfuko, badilisha mlangoni mwa ukumbi. Hakuna anayekushangaa, maana utawakuta wenzako wameinama wanafanya hivyohivyo. Buti zikilowa, zitoe soksi, yaani ile soli laini ya ndani, zijaze magazeti, ziache mahali penye hewa. Usiziweke karibu na jiko la mkaa hata kama una haraka. Ngozi itakakamaa na gundi ya soli itaachia.

Ukishakuwa na kiatu, upindo wa nguo unajipanga wenyewe. Gauni la kufagia sakafu halifai, litafagia kila kitu. Lenye urefu wa katikati ya muundi linakaa vizuri juu ya buti fupi na kuacha nafasi ndogo ya mguu kuonekana, na hapo ndipo urembo ulipo. Jinzi siipendi kabisa kwa safari hii. Ni pamba nzito. Inanyonya maji kuanzia chini, yanapanda hadi gotini, na masika haikauki hata ukiianika usiku kucha. Kitenge nacho ni pamba, lakini chepesi, hukauka upesi kuliko jinzi, na maua yake yanameza matone ya tope. Jihadhari na kitenge kipya ambacho hakijawahi kuloweshwa, kinaweza kutoa rangi yote kwenye blauzi yako. Na msidanganyike na nyeusi. Tope la huku likikauka juu ya nguo nyeusi linaacha madoa ya kijivu yanayoonekana tangu ng'ambo ya barabara.

Kuhusu baridi, Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900. Ni kama kilomita 80 tu katikati, lakini sweta linalokufaa Arusha saa moja asubuhi litakutoa jasho Moshi saa sita. Kwa hiyo nguo juu ya nguo: blauzi nyepesi, sweta jembamba, koti. Ukipata sweta la sufu ni bora kuliko la pamba, maana sufu hata ikipata unyevu bado inashika joto.

Koti sasa. Hapa msitupe pesa madukani kabla hamjapita mitumbani: Memorial kwa walioko Moshi, Krokoni au Kilombero kwa Arusha. Nenda mapema, watu hawajachambua. Unatafuta koti refu la mvua, la rangi moja tulivu, kama maziwa ya kahawa au bluu ya usiku, ili kitenge kilicho ndani kiseme peke yake. Ligeuze ndani nje kabla hujauliza bei. Koti zuri la mvua lina utepe uliobandikwa ndani kwenye kila mshono. Utepe ukiwa umebanduka au umekatika, maji yatapita hapo, muuzaji aseme atakavyosema. Kisha dondoshea maji kidogo begani. Yakikusanyika kama shanga na kuteleza, chukua. Yakinywewa, rudisha. Likiwa pana, mpe fundi alipunguze kiunoni kwa mkanda wa kitambaa hichohicho; asitoboe mabega wala mgongo kwa sindano, kila tundu ni mlango wa maji.

Makoti yenye madoadoa ya kijeshi utayaona pia, tena mazuri. Yapite. Sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku 7 kwa wenye nguo hizo wazisalimishe. Hakuna pendeza-pendeza inayostahili maelezo ya kituoni.

Jioni, ukiwa umekaa sehemu, vua koti na ujitande shuka la Kimasai, lile zito. Likunje mara mbili, tupia bega moja. Ila kama umeshavaa kitenge chenye rangi nyingi, chagua shuka la buluu lenye mistari myembamba, vinginevyo mtagombana wewe na nguo zako.

Kaka zangu, kwenu ni rahisi: kadeti badala ya jinzi, buti badala ya moka, na shati lisiwe jeupe kama unapanda bodaboda. Dada mwenye nywele mpya, suka za kubana kabla ya safari. Mwavuli uwe mfupi, wa mkobani. Na kumbukeni ile mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hii mbadala inapitisha maji, kwa hiyo simu na karatasi za semina ziwe ndani ya mkoba wenye zipu.

Mwisho, bebeni suruali au sketi ya akiba na msifue chochote mkiwa huku, hakitakauka. Doa la tope msilisugue likiwa bichi, mtalizamisha kwenye nyuzi. Liacheni likauke, lipigeni brashi kavu, mengine mtayamaliza kwa sabuni mkifika nyumbani.