Maswali na Majibu: Muungano, Mkoloni na Sultani

Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961 au 1964? (Msomaji, Nachingwea)

Swali hili hurudi kila Aprili, na jibu halijabadilika: Tanzania haikupata uhuru, kwa sababu haijawahi kutawaliwa na mkoloni. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Zanzibar tarehe 10 Desemba 1963. Nchi hizo, zilizoungana mwaka 1964 zikawa Tanzania, zilikuwa na majina yao, na kuyataja hakuuvunji Muungano.

Mwalimu ametuambia kwamba makoloni mawili ya Mwingereza yaliunganishwa yakawa nchi moja. Ni sahihi? (Mwanafunzi, Masasi)

Si sahihi. Baada ya Mjerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa na baadaye Umoja wa Mataifa, ilhali Zanzibar ilikuwa nchi lindwa, yaani nchi ya Sultani iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza, tangu mwaka 1890. La uzito zaidi ni kwamba Mwalimu Nyerere na Sheikh Karume walipotia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, miezi mitatu tu baada ya Mapinduzi ya Januari 12, Mwingereza hakuwa tena mtawala wa upande wowote. Waliounganisha nchi walikuwa marais wa dola mbili huru. Ukitaka kuona makoloni yaliyounganishwa na mkoloni mwenyewe, tazama Nigeria, ambako gavana wa Kiingereza, Lugard, aliziunganisha Kaskazini na Kusini mwaka 1914 bila kuwauliza wenyeji. Kamerun ya Kusini, iliyokuwa chini ya Uingereza, ilipigiwa kura ya maoni Februari 1961, na Oktoba mwaka huohuo ikajiunga na Kamerun iliyokuwa chini ya Ufaransa. Sisi hatukupiga kura ya aina hiyo, na mwananchi anayelisema hilo anasema historia, asiitwe mchochezi. Lakini kutopiga kura ni jambo moja na kuunganishwa na mkoloni ni jambo jingine, na mwalimu anayeyachanganya anawapotosha watoto watakaokuja kuujadili Muungano huu wakiwa watu wazima.

Babu yangu husema Mikindani ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar. Basi si tulikwisha kuungana zamani? (Msomaji, Mikindani)

Babu yako anasema kweli, ila wewe umekosea ulipohitimisha. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 ni wa Sultani, na bandari za Lindi na Mikindani zilikuwa ndani yake. Mwaka 1888 Sultani aliukodisha upande wetu wa ukanda huo kwa kampuni ya Kijerumani, na watu wa pwani wakainuka. Maofisa wa kampuni walilazimika kukimbia Lindi na Mikindani. Mwaka 1890 Ujerumani ikaununua ukanda kwa marki milioni 4. Pwani ilikodishwa, kisha ikauzwa, na wenyeji wake hawakushirikishwa katika bei. Huo ulikuwa utawala, wala haufanani na mapatano ya mwaka 1964. Ninawaonya pia wanaoitumia historia hii kudai kwamba pwani ni mali ya fulani, au kwamba watu wa bara ni wageni hapa. Hati ya mauzo iliyoandikwa na wakoloni haimpi mtu yeyote haki ya kumbagua jirani yake.

Je, kuchanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar ndiko kulikozaa Muungano? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Hapana. Ile ilikuwa ishara. Muungano ulizaliwa na Hati zilizotiwa saini na sheria iliyopitishwa na Bunge la Tanganyika, ukaanza tarehe 26 Aprili 1964.

Gesi yetu ya Mnazi Bay ni jambo la Muungano? (Msomaji, Msimbati)

Katika Hati za mwaka 1964 mambo ya Muungano yalikuwa 11, na gesi haikuwamo. Iliongezwa baadaye, pamoja na mafuta, na leo orodha katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ina mambo 22, gesi asilia ikiwa katika jambo la 15. Hata hivyo, Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliiachia Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake kwa sheria zake yenyewe, ilhali orodha ya Katiba haikuguswa. Kwa maoni yangu, Katiba ndiyo iliyopaswa kurekebishwa kwanza, kwa uwazi na mbele ya wananchi, nasi wa Mtwara na Lindi tunaoishi na mabomba ya gesi hiyo tuna haki ya kuliuliza hilo kwa wabunge wetu, tukiwa tumeshaisoma Nyongeza yenyewe.