Kwa nini seli ya saratani haiachi kugawanyika: jibu la aliyeuguza

Mleta mada kauliza: ikiwa seli za mwili karibu zote hugawanyika, saratani inatofautiana nazo kwa kasi tu? Mimi si daktari. Nimemuuguza mama mwenye saratani ya titi, na jibu la swali hili nililipata siku niliyogombana na daktari wake.

Siku hiyo dripu ya tatu ya kemotherapi (dawa za kuua seli za saratani) iliahirishwa kwa wiki nzima kwa sababu seli nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka mno. Nikaja juu: ugonjwa unakimbia kuliko kitu chochote mwilini, nyie mnatuambia tusubiri? Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Mwanangu, uboho wa mifupa ya mama yako unazalisha seli haraka kuliko huo uvimbe." Nikanyamaza. Dawa zile huivizia seli inayogawanyika bila kuuliza ni ya nani, ndiyo maana hupiga pia utumbo na mizizi ya nywele.

Kwa hiyo kasi iweke pembeni. Ukijikata kidole, seli za ngozi nazo hugawanyika kwa fujo, lakini kidonda kikifunga zinatulia. Ya saratani ndiyo haitulii. Sikio la kufa, wahenga walishasema.

Seli ya kawaida huzuiwa na protini zinazolinda malango. Lango la kwanza liko kabla seli haijaanza kunakili DNA yake, herufi kama bilioni 6 hivi, na mlinzi wake anaitwa RB. Akiwa kazini, seli haipiti mpaka ije amri ya kukua. Mwenzake, p53, hukagua uharibifu: DNA ikiwa na kasoro husimamisha shughuli itengenezwe, na ikishindikana seli huamriwa ijiue. Jeni ya p53, yaani maelekezo ya kuitengeneza, hukutwa imeharibika katika karibu nusu ya saratani za binadamu. (Tembo ana nakala zipatazo 40 za jeni hiyo, sisi 2 tu. Inadhaniwa ni sababu mojawapo ya mnyama mkubwa vile kupata saratani kwa nadra.)

Sasa kwa wanaosema kwamba saratani ikiwemo kwenye ukoo huna ujanja. Dada yangu aliishi na hofu hiyo hiyo. Mwaka 1971 mtafiti Alfred Knudson alipitia kumbukumbu za watoto wenye saratani ya retina ya jicho. Waliorithi tatizo waliugua mapema, mara nyingi macho yote mawili. Wasiorithi walichelewa, na likawa jicho moja. Akasema yanahitajika mapigo mawili, yaani nakala zote mbili za jeni ziharibike. Jeni ya ulinzi tunayo kwa nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama, na moja ikibaki nzima lango bado lina mlinzi. Aliyerithi nakala mbovu hajarithi saratani. Amerithi upungufu wa akiba. Jeni yenyewe ilipokuja kupatikana, ikawa ni hiyo ya RB. Jeni za kusukuma seli igawanyike, kama RAS, ni kinyume chake: nakala moja tu ikiganda kwenye "endelea", balaa limeanza. Hata hivyo kosa moja kwa kawaida halitoshi. Makosa hurundikana kwa miaka, ndiyo maana saratani nyingi ni za ukubwani.

Miaka miwili baadaye ugonjwa wa mama ulirudi. Safari hii alipewa dawa ya homoni pamoja na vidonge vya palbociclib. Katika seli zake RB yupo, ila vimeng'enya viwili, CDK4 na CDK6, vilikuwa vinampokonya kazi kila mara. Vidonge vinavizuia hivyo viwili, naye anarudi langoni. Tatizo ni kwamba uboho nao hutumia lango hilo hilo, kwa hiyo seli nyeupe hushuka tena: mama anameza siku 21, anapumzika 7. Siku hizo 7 sigombani tena na mtu.