Windows 10 imeachwa, nipige Linux au ninunue mashine mpya?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina steshenari ndogo Moshi, karibu na soko la Mbuyuni, natumia kompyuta mbili za mtumba, zote Core i5 jenereshen ya 4, ram giga 4. Fundi kaniambia Microsoft wameiacha Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na hizi za kwangu Windows 11 haziiwezi, eti ninunue mpya au anipigie Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni bure. Bure tena? Wateja wangu wengi wanachuo, wanakuja na flashi dakika za mwisho. Nifanyeje?
Mama Steshenari, Moshi

JIBU: Salama dada. Fundi hajakudanganya, Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa Intel inaanzia jenereshen ya 8, ya kwako imeachwa mbali. Wapo wanaoipiga kwa njia za panya, ila kwenye mashine inayokulisha mi siwezi kukushauri. Na Windows 10 haijazimwa jamani, inawaka kama kawaida, kilichokatika ni apdeti za kawaida za usalama, sasa wewe unayechomekewa flashi za watu kutwa nzima ndo una haja ya kuwaza.

Tena hizo flashi ndo zingenivuta kwenye Linux. Ule ugonjwa wa mafolda yote kugeuka shotikati umetengenezewa Windows, kwenye Linux unauona umelala tu kama faili, unaufuta, kazi inaendelea.

Shida iko kwenye Word. Linux inakuja na LibreOffice badala yake, inafungua faili za Word (docx) vizuri tu mpaka aje mwanachuo na ripoti ya kurasa 60, ufungue ukute tebo imekatika nusu imeenda ukurasa wa pili, namba za kurasa kwenye yaliyomo haziendani tena, na yeye kasimama hapo kaunta anaangalia saa. Waombe walete PDF, wengi hawataleta. Kadi za sendoff ulizotengeneza kwa Publisher usizitegemee kabisa huko. Photoshop nayo haipo, kuna GIMP, paspoti saizi inatoa ila mkono utachelewa mwanzoni.

Kwa hiyo mi ningehamisha mashine moja tu. Mwambie fundi aweke Linux Mint ya Xfce kwenye flashi, hiyo ni nyepesi, muiwashe kompyuta kutokea kwenye flashi bila kuinstoli, diski yako haiguswi. Hapo hapo chomeka printa utoe karatasi, skani kitambulisho, fungua faili za wateja wa jana kama kumi hivi. Printa ikigoma basi acha, usimruhusu fundi akwambie "itakaa sawa baadaye". Ikikubali, kopi mafaili yako yote kwenye diski ya nje ndo apige, na msianze jioni umeme unapochezacheza.

Ile nyingine ibaki na Windows 10 kwa ajili ya Word na Publisher, itoe kwenye intaneti, na flashi ya mteja isiiguse kabla haijapita kwenye ya Linux kusafishwa. Hela ikipatikana tafuta mtumba wa jenereshen ya 8, mpya ya nini. Na hiyo bure ni ya Linux dada, fundi ana bei yake, mpatane kabla hajafungua begi.